Waambie Una Watu

Golden Valley, Minnesota
12 Januari 2025

Dada Verediana,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na yule ng'ombe mwenye tabia mbaya, na mdogo wetu Solomon pia kama bado anakumbuka njia ya nyumbani. Huku sisi ni wazima. Baridi imefika ile hali ambayo ukitema mate yanaanguka yakiwa jiwe. Sijaona kwa macho yangu, nimesimuliwa na mhudumu wangu Gitonga, na Gitonga ni Mmeru, haongopi bila sababu.

Ulisema kwenye simu nakudanganya, kwamba najibu "salama" hata kabla hujauliza. Haya, umeshinda, nimerudi kwenye karatasi kama ulivyoamuru. Kalamu imefungwa kiganjani kwa mkanda, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Barua nampa mchungaji wa hapa anayekuja kutembelea usharika wenu. Ikichelewa, mlaumu yeye, mimi siendeshi ndege.

Binti yako Careen hajambo. Bado anamhudumia yule bibi wa kizungu kule Saint Louis Park, na jioni anasoma uuguzi. Kwangu anakuja Jumapili baada ya ibada. Ugali wake umeanza kusimama.

Sasa jambo lenyewe. Wahudumu wa kampuni yetu, hawa wanaozunguka majumbani kututunza sisi tusioweza kusimama, wanataka kugoma. Hawana siku ya kuugua. Mwezi uliopita Gitonga alikuja kuniogesha huku yeye mwenyewe anatetemeka kwa homa, na ilikuwa vigumu kujua nani amtunze mwenzake. Tena hakuna wa kuwapokea zamu. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Tatizo ni kwamba kuanzia kifua kwenda chini sina cha kuwaungia. Tangu gari langu lilipoteleza kwenye barafu nikitoka kazini Eden Prairie, kila asubuhi ni Gitonga anayenigeuza, kuniogesha, kunivalisha, na kunifunga kwenye mashine ya kuninyanyua hadi kwenye kiti. Bila yeye mimi ni gunia la viazi linalosoma magazeti. Na Careen naye ni wa kampuni hiyohiyo.

Kijana wa ofisini, Brandon, alinipigia kuuliza nani atahitaji mtu wa dharura wakati wa mgomo. Akaanza, "Tumsifu, unaendeleaje?" Nikamjibu, "Salama kabisa, nashukuru, sijui wewe na nyumbani." Nikatulia, namsubiri aulize mara ya pili ndipo nimweleze shida, kama watu waliolelewa. Akasema, "Safi sana!" Akakata.

Gitonga aliposikia akashika kichwa. "Mzee! Hao watu huuliza mara moja tu!"

"Nilikuwa bado kwenye salamu."

"Salamu ndiyo ilikuwa interview!"

Nimepiga tena. Orodha imefungwa. Lakini usijali, mambo hupita.

Mdogo wako,
Tumsifu


Machame
3 Februari 2025

Mdogo wangu Tumsifu,

Marahaba. Barua yako imefika imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo, mchungaji wenu ni mtu mwema ila anatembea na soksi ndani ya kandambili. Sisi ni wazima. Mama anaendelea, anakula vizuri. Ng'ombe amempiga teke daktari wa mifugo na sasa daktari anatibu kutokea nje ya zizi. Kwaya imeniletea majoho ya kushona kabla ya Pasaka, ya sauti ya kwanza na ya pili, na sauti ya pili wote wamenenepa.

Sasa nieleze vizuri, maana mimi ni fundi cherehani tu. Nikigoma mimi, joho linasubiri. Halilii, haliharibiki, linaning'inia. Mgonjwa anasubirije? Mtu ataachaje kumgeuza mwenzake kitandani halafu aseme anadai haki? Haki ya nani hiyo?

Careen amenitumia picha kwenye simu. Amesimama kwenye theluji amevaa lile koti nililomshonea mimi, ameshika bango. Nikamuuliza limeandikwaje. "Mama, limeandikwa Kutunza ni Kazi." Nikamwambia mwanangu, kushona ni kazi, kukamua ni kazi. Kutunza ni kutunza. Akanyamaza. Siku hizi ananyamaza kwa sauti.

Tumsifu, wewe ndiye uliyempokea uwanja wa ndege yule mtoto na viatu vyake vya wazi. Ulimpa chumba, ukamwonyesha mabasi, ukakaa naye hadi akajua kujitegemea. Mjomba si mteja. Nimemwambia aende kwako asubuhi na jioni, na wewe usijifanye mgeni. Kama ana muda wa kubeba bango ana muda wa kumbeba mjomba wake.

Na hilo la kusema salama kwa mzungu, sijalicheka. Haya, nimelicheka kidogo.

Dada yako,
Verediana


Golden Valley
23 Februari 2025

Dada Vere,

Shikamoo. Barua yako imefika, lakini binti yako aliitangulia. Msalimie daktari wa mifugo, mwambie ninamwelewa.

Mgomo ulianza Jumatatu. Siku hiyo asubuhi Gitonga alinipitia mapema kabla hajaenda kusimama mbele ya ofisi, akaniweka kwenye kiti, akaniachia mkate na maji yenye mrija. "Boss, hii si personal," akasema. Nikamwambia aende, na asisahau kofia. Nilikaa vizuri. Nilikaa vizuri sana, Dada, nilikaa hadi Jumatano. Careen alikuwa akipiga simu nami namwambia wapo watu wanakuja. Jumatano akaacha kupiga, akaja mwenyewe.

"Mjomba, nani anakuhudumia?"

"Wapo."

"Wapo wapi?"

"Wametoka kidogo."

Akavuta pumzi mara moja, akaiachia polepole. "Mjomba, unanuka."

Nikamwambia binti wa dada hamwogeshi mjomba wake, kwetu jambo hilo halipo. Akasema, "Kwetu wapi? Kwetu hakuna hata hii mashine." Tayari alikuwa amekunja mikono ya sweta. Nikamwomba jambo moja tu, anifunike uso kwa taulo. Akanifunika. Kwa hiyo aliyeogeshwa siku ile alikuwa mtu mwingine, mimi sikuwepo.

Tangu hapo anakuja kila asubuhi. Brandon alipopata habari alimpigia akamwomba ajiandikishe saa hizo kwenye simu ya kampuni, alipwe kama kawaida. Careen akakataa. "Nikijiandikisha nimevunja mgomo. Nikija bure nimekuja kwa mjomba wangu." Sote tukamwona ana akili. Gitonga alisema ana kichwa cha wakili.

Lipo jambo moja, na nalisema kwa sababu uliniamuru niandike. Kampuni imesema mgomo ukiendelea na wao hawana mtu wa kunilaza kitandani na kunitoa, watanihamishia kwenye nyumba ya kulelea wazee, nje ya mji, kwa muda. Nina miaka hamsini na mbili. Nawajua watu wawili waliokwenda kule kwa muda. Nyumba zao zina wapangaji wengine, na wao bado wako kule, kwa muda. Hiki chumba changu, Dada, kina kitufe ambacho nikikibonyeza kwa kidole mlango unafunguka. Ni mlango pekee duniani ambao bado naufungua mwenyewe. Kule milango inafunguliwa na wengine.

Careen anasema nina alama kidogo chini ya mgongo. Mimi siisikii, kwa hiyo siwezi kulalamika.

Na wewe, unasema Mama anakula vizuri. Hukusema anakulia wapi. Zamani uliandika Mama amekwenda ibada, Mama amegombana na jirani juu ya mpaka, Mama amemkataa mchumba wa mtu. Siku hizi anakula tu. Mtu wa kula tu namjua mmoja, na ndiye anayekuandikia.

Tumsifu


Machame
16 Machi 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi ni wazima, majoho yamekwisha, mvua zimeanza mapema na barabara ya kwenda kanisani imekuwa sabuni.

Careen ameniambia hiyo "alama" yako ni kidonda cha kulalia, na upana wake ni wa kisosi cha chai. Kisosi, Tumsifu. Wewe ukaandika alama. Ungekatwa kichwa ungeniandikia kwamba kola imelegea.

Haya, na mimi niseme. Mama hajatoka kitandani tangu Pasaka iliyopita. Alianguka akitoka zizini. Miguu ilikataa, baadaye na upande mmoja ukakataa. Sikukwambia kwa sababu ungefanya nini? Ungekaa hapo kwenye kiti unalia, na hakuna wa kukufuta. Namgeuza mwenyewe asubuhi, mchana, na kabla ya kulala, namwosha, namlisha. Hana kidonda hata kimoja. Unaweza kuja na darubini. Solomon yuko Moshi mjini na vipuri vyake vya magari, saa kumi na mbili anafunga duka, anapita kwenye supu, anapita kwa rafiki, anakuja mwisho wa mwezi na mkate, anamwambia Mama "umependeza," anaondoka. Kwa hiyo usinifundishe mambo ya kugoma. Mimi nikigoma nitaandamana wapi? Mbele ya ng'ombe?

Lakini tuliache hilo. La kwako ndilo linaloniumiza tumbo. Wakuhamishie kwenye nyumba ya wazee, mtu mwenye dada, mwenye mpwa, mwenye jina! Watu watasema nini hapa, kwamba sisi tulimtupa? Sasa nisikilize. Hao watu wa ofisi wakija kukuuliza, usijibu kinyonge. Usianze kuhesabu usichoweza. Waambie una watu. Waambie wazi kwamba una mtoto wa dada yako anayekuja kila siku na ataendelea kuja, hutegemei mgomo wa mtu. Anayesema hana ndugu anawazika wakiwa hai. Wakiona una watu watakuacha hapo kwako.

Careen analalamika amechoka. Nimemwambia uchovu unaisha kwa kulala.

Dada yako,
Verediana


Golden Valley
13 Aprili 2025

Dada Verediana,

Shikamoo. Nimeisoma habari ya Mama nikakaa nayo hadi karatasi ikalowa, na kama ulivyotabiri hapakuwa na wa kunifuta. Nakushukuru kwa Mama. Sijui neno jingine. Hapa theluji imeyeyuka, na kila kilichopotea tangu Novemba kimeonekana: glavu, funguo, baiskeli ya mtu.

Ushauri wako niliufuata neno kwa neno. Nataka ujue hivyo.

Alikuja mama mmoja kutoka ofisi inayogawa saa za huduma. Mtu mpole, alivaa mifuko juu ya viatu ili asichafue zulia. Akaniuliza nani ananisaidia asubuhi.

"Mpwa wangu."

"Kila siku?"

"Bila kukosa."

"Anafanya hivyo kwa hiari yake?"

"Mama, kwetu hatuulizani hiari."

"Na ataendelea?"

Hapo nikanyoosha shingo, ndiyo inayonyooka. "Huyu ni damu yangu. Hata ukinikuta nina miaka tisini utamkuta hapa. Na nina dada nyumbani, akisema neno moja tu ukoo mzima unasimama." Nilikutaja kwa fahari, Dada. Hata ng'ombe nilimtaja.

Akatabasamu. "Una bahati sana. Wengi ninaowatembelea hawana mtu." Akaandika. Nikamkaribisha chai. Alipoondoka nilijiona mtu mkubwa, kama nimeozesha binti.

Wiki iliyofuata mgomo ukaisha, na wahudumu wameshinda. Wamepata siku za kuugua, wamepata watu wa kuwapokea zamu. Gitonga alikuja hapa anacheza, anaimba, amenunua keki. Akatoa simu yake ya kazi kuona ratiba yake ya Jumatatu. Akaitazama. Akaifuta kwa shati, akaitazama tena.

"Mzee, kwani ulisema nini? Umenifuta?"

Barua ilifika kesho yake. Saa zangu zote, za asubuhi na za jioni, zimeondolewa, kwa sababu mahitaji yangu yanatoshelezwa na familia. Saa hizo hutolewa kwa wasio na mtu. Mimi nina mtu, nimesema mwenyewe, kwa sauti. Nilimpigia Brandon, safari hii sikusalimia kabisa, nikaanza na kidonda. Akasema pole, si yeye anayegawa saa. Careen akiacha kuja, akasema, basi ni ile nyumba ya wazee, na safari hii hakusema kwa muda.

Unaona tulipofika? Wao wamegoma wakapata siku ya kuugua. Binti yako hana. Anaamka kukiwa giza anakuja kuniogesha, anakimbilia Saint Louis Park kwa bibi yake, jioni anarudi kunilaza. Masomo ya uuguzi ameyaacha. Hakukwambia? Basi nimekwambia mimi. Juzi alisinzia kwenye taa nyekundu, wenye magari ya nyuma wakamwamsha kwa honi. Nilimwambia asije kesho yake. Akaja. Nilimwambia tena, nikamgombeza, akanifunika uso kwa taulo akaendelea na kazi.

"Uchovu unaisha kwa kulala." Alale saa ngapi, Dada?

Rufaa ipo, ni mwezi wa tano mwishoni. Ila wanataka neno kutoka kwa ndugu wenyewe, kwamba hawawezi na hawatafanya. Careen ameandika la kwake mara mbili akalichana mara mbili. Anasema hawezi kuandika kwamba mjomba wake ni mzigo wakati mama yake yu hai na ataulizwa. Nimemwambia asiandike.

Sikuombi kitu. Nakuarifu tu.

Tumsifu


Machame
4 Mei 2025

Tumsifu,

Barua yako nimeisoma mara moja, inatosha. Ilikuwa na haki ya kuniuma na imeniuma. Mama anaendelea, na safari hii nikisema anaendelea unajua maana yake.

Nilikaa na hasira wiki nzima. Nilikukasirikia wewe, nikamkasirikia yule mama wa mifuko ya viatu, kwamba mtu anakaribishwa chai halafu anakwenda kuandika vile. Mwisho nilichoka kuwakasirikia watu wa mbali, nikatafuta wa karibu.

Jumamosi nilimpigia Solomon nikamwambia nina joho la kupeleka Moshi, aje akae na Mama siku nzima. Hakukuwa na joho. Nilikwenda nyumba ya pili tu, kwa mke wa mwinjilisti, nikakaa nakunywa chai na kutazama nyumba yangu kupitia uzio. Haikuchukua muda simu ikalia.

"Dada, Mama anataka kugeuzwa."

"Mgeuze."

"Namshika wapi?"

"Muulize, mdomo bado anao."

Halafu nikasikia Mama anamwambia huyo mtoto wake mambo ambayo sitayaandika. Simu ikalia tena, shuka. Ikalia tena, uji. Mchana nikamwona ametoka uani amesimama, shati lina uji hadi begani, anatazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Niliporudi jioni alikuwa amekaa chini kwenye korido. Akasema, "Dada, hii ni kazi."

Nikamtazama. Nimemlea yule mtoto, nimemsomesha, sijawahi kusikia kitu cha maana kinatoka kwake. Nilikwenda jikoni nikafunga mlango, nikalia hadi sufuria ikaungua. Ameahidi atakuja kila Jumamosi. Ahadi za Solomon unazijua, lakini jana alikuja.

Careen hakuniambia kuhusu masomo. Nilimpigia, nikamuuliza amelala saa ngapi. Akasema, "Salama, Mama." Nikajua huyo ni wetu sote wawili, mimi na wewe.

Karatasi ya pili si yako. Mpe Careen aifasiri kama ilivyo, asipunguze, asipambe. Nawe usiisome.

Verediana

*

Kwa wanaogawa saa za huduma.

Mimi ni Verediana, dada mkubwa wa Tumsifu, na mama mzazi wa Careen. Nimesikia mmeandika kwamba ndugu yangu anatunzwa na familia. Mmeandika makosa.

Binti yangu si mhudumu wa mjomba wake. Mimi ndiye niliyemtuma wakati wa mgomo, na sasa namkataza. Asiende asubuhi, asiende jioni. Ana masomo yake na ana kazi yake. Akiendelea kwenda atakuwa ameniasi mimi mama yake.

Mimi mwenyewe siji na sitakuja. Namtunza mama yetu aliyepooza, namgeuza, namwosha, namlisha, kila siku. Naijua kazi hii kuliko nyinyi mnaoiandika, na nawaambia ni kazi ya mtu mzima mwenye nguvu na mwenye kupumzika. Haifanywi na mtoto anayesinzia barabarani. Mdogo wetu Solomon naye haji.

Ndugu yangu alipowaambia ana watu alisema hivyo kwa sababu nilimwagiza. Hana. Hatumsaidii, hatutamsaidia, msitungoje. Mhesabuni kama mtu asiye na ndugu.

Verediana, kwa mkono wangu mwenyewe


Golden Valley
8 Juni 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, moja haitoshi. Tuko wazima. Miti imefunguka yote kwa wiki moja kama iliyochelewa kazini, na watu wa hapa wanatembea nusu uchi, wanasema ni joto.

Nilisoma ile karatasi. Ungenikataza kupumua labda ningekusikia.

Careen aliifasiri jikoni kwangu. Kila mstari alisimama akauliza, "Mjomba, kweli niandike hivi?" Nami namwambia mama yako amesema usipunguze. Alipofika pale pa kukuasi alicheka, akaacha kucheka, akanawa uso, akaendelea.

Rufaa ilisikilizwa Saint Paul. Gitonga alitupeleka na gari lake. Mwenye kusikiliza alikuwa mzee mmoja wa kizungu, mwenye tai na sauti ya chini. Akaniuliza hali yangu. Nikamwambia, "Mbaya. Nina kidonda, sina wa kunigeuza, na nilidanganya mlipokuja." Kumbe inawezekana kusema, Dada, na mtu hafi. Nilitazama kama Careen amefadhaika, akawa anatazama dari.

Halafu yule mzee akasoma barua yako. Aliisoma polepole, akarudi juu, akaisoma tena. Akavua miwani, akanitazama kama mtu anayetazama mtoto aliyeokotwa sokoni.

"Pole sana, bwana," akasema. "Si kila mtu amejaliwa familia."

Damu ilinipanda. Nilitaka kumwambia, wewe, unamjua unayemsema? Unajua amemgeuza mama yangu mara ngapi? Nilifungua mdomo. Careen akanikanyaga mguu. Sikusikia kitu, mguu ule hausikii, lakini nilimwona akikanyaga, na alikanyaga kwa kisigino. Nikafunga mdomo.

"Je, wamekuwa hivi siku zote?" mzee akauliza.

Chumba kizima kinanisubiri. Gitonga nyuma yangu amejifanya anasoma tangazo la moto.

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo walivyo."

"Una la kuongeza kuhusu dada yako?"

Nikasema sina.

Saa zangu zimerudi, za asubuhi na za jioni. Nabaki kwangu. Jumatatu Gitonga anaanza, ameshanitisha kwamba nimenenepa. Kidonda kinafunga taratibu. Careen anarudi darasani msimu ujao, kwa sasa analala tu. Jumapili alikuja baada ya ibada, akakaa kwenye sofa, sikumpa kazi yoyote, akalala hadi chakula kikapoa. Nilikaa namtazama.

Niliomba nirudishiwe karatasi yako. Wakasema haitoki, inabaki kwenye jalada. Kwa hiyo iko kule, Saint Paul, kwenye kabati la chuma, imepigwa muhuri, inasema wewe ni mtu mbaya, na chini yake kuna sahihi yangu kwamba ninakubali. Sijawahi kutia sahihi kitu kinachoniuma hivi, na nimetia kwa mkono ule ule ninaokuandikia.

Msalimie Mama, mwambie mwanawe anaogeshwa. Msalimie Solomon, Jumamosi hadi Jumamosi.

Mdogo wako, kwa mujibu wa jalada asiye na ndugu,
Tumsifu